TB Iliyolala na Mama Mjamzito

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa kule nyuma, ahsanteni kwa kuja. Kufika hapa Majengo na joto lote hili, najua si kazi ndogo.

Nazungumzia kifua kikuu ambacho mwenye nacho haumwi. Vijidudu vimeingia mapafuni kwa hewa, kinga ya mwili ikavibana, na mtu yuko na shughuli zake: anavuka feri, anauza mahamri, anabeba mimba. Hakohoi wala hamwambukizi mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa. Katika kila 100 kati yao, 5 hadi 10 ndio huja kuugua maishani.

Basi kwa nini nimewaita wajawazito? Kwa sababu mimba huilegeza ile sehemu ya kinga inayovibana vijidudu hivi, ili mwili wa mama usimkatae mtoto. Mama akishajifungua kinga hurudi kwa nguvu, na hapo ndipo dalili hujitokeza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa katika miezi 6 baada ya kujifungua, TB hugunduliwa karibu mara mbili zaidi kuliko wakati mwanamke hana mimba.

Hapa tutue. Miezi hiyo ni zile siku arubaini za uzazi na miezi inayofuata. Mama anatoka jasho usiku, anakonda, hana nguvu. Bibi anasema ni kunyonyesha, shoga yake anasema ni usingizi, na mwenyewe anakubali. Kliniki anakwenda, lakini anayewekwa kwenye mizani ni mtoto. Jambo hili linaniuma. Nawaomba wauguzi wenzangu: mama akileta mtoto chanjo, naye aulizwe kikohozi, homa, jasho la usiku na uzito. Kwa mjamzito, hata uzito usiopanda ni dalili.

Maswali hayo humnasa aliyekwisha kuugua. Ile iliyolala haina dalili, yataka kipimo. Kuna cha ngozi: unadungwa dawa kidogo mkononi, kisha unarudi kati ya saa 48 na 72 upimwe uvimbe. Kinachopimwa ni uvimbe, si wekundu. Ukirudi siku ya tano hakisomeki tena, na nauli ya kutoka Likoni imekwenda bure. Kuna na cha damu, cha safari moja lakini ghali zaidi. Vyote viwili ni salama kwa mjamzito. Ila hakuna kinachoweza kusema kama TB imelala au imeamka, kwa hivyo ukionekana umeambukizwa utapigwa picha ya kifua, tumbo likiwa limekingwa.

Si kila mjamzito apimwe. Namtaka yule anayelala nyumba moja na mgonjwa wa TB, na yule anayeishi na virusi vya Ukimwi. Huyu wa pili, akiwa hana dalili, anaweza kupewa dawa ya kuzuia hata bila kipimo cha ngozi.

Na dawa yenyewe? Isoniazidi, pamoja na vitamini B6. Sitawaficha: mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 956 wenye virusi, katika nchi 8, Tanzania na Uganda zikiwemo. Walioanza dawa wakiwa na mimba walipata matatizo ya uzazi zaidi, asilimia 23.6, kuliko waliongoja hadi baada ya kujifungua, asilimia 17. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikusema wajawazito wenye virusi wanyimwe. Kwa asiye na virusi, na ambaye hajakaa na mgonjwa karibuni, madaktari wengi hungoja miezi 2 au 3 baada ya uzazi. Mimi naona hivyo ni sawa, mradi asipotee. Dawa haizuii kunyonyesha. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha vidonge na urudi hospitali siku hiyohiyo.

Sasa akina baba. Matibabu ya TB hospitali za serikali ni bure. Kama wewe ndiye unayemeza dawa na mkeo ana mimba, mwambie leo, kisha mfuatane kliniki, maana muuguzi hawezi kujua nani anakohoa nyumbani kwenu.

Haya, maswali. Naona dada pale mlangoni ameinua mkono muda sasa.