Mwacheni asimame: chakula na matembezi baada ya tiba ya kansa ya utumbo mpana

Wababa na wamama, asanteni kwa kufika, hasa ninyi mliopanda kutoka Nyawera na mvua hii. Nitasema na waliougua, lakini zaidi na wanaowapikia.

Mtu akishapasuliwa utumbo mpana na kumaliza kemoterapi, yaani dawa za kuua kansa, hapa Bukavu tunamkalisha. Anawekewa kiti mlangoni, ufagio ananyang'anywa, hata kwenda kwa jirani anakatazwa. Ni upendo, ninaujua. Lakini unamnyima sehemu ya tiba yake.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliofanyika hasa Kanada na Australia. Wagonjwa 889 waliokwisha kupata kemoterapi waligawanywa: wengine wakapewa maandishi ya mashauri ya afya, wengine wakaongezewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3. Kufikia miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi ni kama 90 kwa kila 100. Katika kundi lingine, 83. Na zoezi walilotakiwa kuongeza ni sawa na kutembea haraka dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki. Kutembea, ndugu zangu! Hakuna mtu hapa asiyeweza kulipia hilo.

Ila usianze na mlima wa Kadutu. Anza uani, dakika 10, halafu tafuta barabara ya tambarare, uongeze wiki kwa wiki. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuongea lakini kuimba kunakushinda. Bidoni ya lita 20 na gunia la makala, hapana, mpaka daktari aliyekupasua akuruhusu. Misuli ya tumbo ikiachia, utapata henia, yaani utumbo kutokeza chini ya ngozi. Na wale waliopewa oksaliplatini, moja ya dawa za kemoterapi, mara nyingi nyayo zinabaki na ganzi. Mwenye ganzi anakanyaga msumari asisikie. Aache kandambili, avae viatu vilivyofunika mguu, na jioni mtoto amkague nyayo kwa taa.

Sasa chungu. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aulizwe, kwa sababu chakula kinachomtuliza mmoja kinamharisha mwingine. Wiki za kwanza mpeni wali, viazi, yai, samaki, kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, atafune polepole. Sombe, yale majani ya muhogo, na maharagi vingoje kidogo. Lakini virudi! Naona watu wanaviogopa mwaka mzima, wanaishi kwa mkate mweupe na chai, na hilo linaniumiza. Daktari akikubali, anza na kijiko kimoja cha maharagi yaliyoiva mpaka yakalainika, kesho lengalenga.

Soda nyekundu haiongezi damu. Ni sukari na rangi. Samaki wadogo wa sambaza, maharagi na majani vina madini ya chuma. Nyama ya ng'ombe na mbuzi isizidi gramu 500 zilizopikwa kwa wiki nzima. Sosiji ziacheni: tangu 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa limeziweka, pamoja na nyama nyingine za viwandani, kati ya vitu vinavyosababisha kansa hii. Kasiksi pia, na pombe yoyote, kadiri inavyopungua ndivyo bora.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: tumbo likivimba, atembee hivyohivyo? Gesi ya kawaida, ndiyo, kutembea kunaisukuma. Lakini akitapika, tumbo limekaza, hewa wala choo havipiti, msimpe dawa ya majani wala msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.