Pampu ndogo ya ukungu: jinsi ya kuwapoza watoto mkipanda Menengai

Karibuni, wazazi wenzangu. Leo tuko Nakuru, ukingoni mwa kasoko ya volkeno ya Menengai. Ni Februari, bado asubuhi, na jua limeshaanza kuchoma. Huku juu mtu hudanganywa na upepo. Kilele cha ukingo huu kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Unadhani watoto wako sawa, mara mmoja anaketi chini na kusema kichwa kinamuuma. Vichaka vya leleshwa viko kila mahali, lakini kivuli chao hakimtoshi hata mtu mmoja. Kwa hiyo tutajipoza kwa hii hapa: pampu ndogo ya mkono inayotoa maji kama ukungu.

Kwanza shikeni jambo moja, maana hatua zote zinalitegemea. Kinachopoza mwili si ubaridi wa maji, ni kule kukauka kwake. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na joto la kalori 580 hivi, kwa kipimo cha fizikia. Gramu hiyo hiyo ikipashwa tu na ngozi kutoka nyuzi 20 hadi 34, imechukua kalori 14 basi. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyo hiyo: unatoka jasho, na jasho linakauka. Basi msihangaike kubeba barafu. Maji ya kawaida yanatosha, mradi yawe machache na yapigwe na upepo.

Hatua ya kwanza ni pampu yenyewe. Utaipata kwa agroveti au kwa wauza maua, ya lita moja au mbili, yenye mpini wa kusukuma hewa juu na nozeli, yaani kichwa cha kutolea maji, ya kuzungusha mbele. Nunua mpya. Pampu iliyowahi kutiwa dawa ya kupe au ya nyanya isiguse ngozi ya mtoto, hata uioshe kwa sabuni mara ngapi. Chupa ya kunyunyizia ya saluni pia inafaa kwa mwendo mfupi, ila matone yake ni makubwa na kidole huchoka upesi.

Hatua ya pili, maji. Tia maji ambayo ungempa mtoto anywe, kwa sababu huo ukungu anauvuta puani. Yachemshe, yapoe, yachuje kwa kitambaa safi. Wakazi wa Nakuru mnayajua maji ya kisima yanavyoacha ganda jeupe ndani ya birika; ganda hilo hilo huziba nozeli. Ukiweza, tumia maji ya mvua, nayo uyachemshe. Nozeli ikiziba, ifungue uiloweke kwenye siki nusu saa, kisha uisuuze. Usiichokoe kwa sindano. Tundu likipanuka, ukungu umekwisha, utabaki na matone tu. Jaza theluthi mbili ya chupa, sehemu iliyobaki ni ya hewa unayoisukuma.

Sasa kamera isogee hapa mkononi, hatua hii nataka muione vizuri. Nasukuma mpini mpaka uwe mgumu. Nanyoosha mkono wa kushoto, pampu naiweka mbali nao, umbali wa mkono mzima. Nabonyeza kidogo na kuachia. Mnaona vile vitone juu ya vinyweleo? Vimekaa kimoja kimoja, havijaungana. Sasa upepo unapita, vinapungua, vinaisha, na ngozi imepoa kabisa. Huo ndio ukungu tunaoutaka. Tazameni tena, nimelegeza nozeli makusudi: maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko na kudondoka. Haya yaliyodondoka hayakupoza kitu, yamepotea tu, na huku hakuna bomba. Zungusha nozeli taratibu mpaka vitone viwe vidogo, au sogeza pampu mbali zaidi.

Tukiwa njiani, simameni mahali penye upepo. Mtoto avue kofia, afumbe macho na mdomo. Nyunyiza usoni mara moja, kisha kisogoni, nyuma ya masikio, mikononi upande wa ndani, na kwenye mashavu ya miguu. Halafu mpepee kwa kofia yake. Watu wengi huruka sehemu hiyo, na hapo ndipo penye faida kubwa. Rudia kila mnapopumzika, wala usingoje mtoto alalamike. Mafuta ya kukinga jua yapakwe mapema yaingie kwenye ngozi, na yarudiwe, maana maji huyapunguza.

Mama mwenye mtoto mgongoni, nakuomba usikilize hapa. Kati ya mgongo wako na kifua cha mwanao joto hujikusanya, na leso hulizuia lisitoke. Kila mkipumzika, mfungue, mkae kivulini, mnyunyizie miguu na kisogo kidogo tu, umpepee akauke ndipo umfunge tena. Usimwelekezee puani.

Mawingu yakitanda au upepo ukivuma kwa nguvu, acha kabisa kunyunyiza. Nguo mbichi kwenye baridi ya ukingoni zitamtetemesha mtoto. Beba fulana kavu.

Ndugu zetu wa Kisumu, kwenu mambo ni tofauti kidogo. Hewa ya karibu na ziwa ina unyevu mwingi, kwa hiyo ukungu haukauki haraka, na ukizidisha mtoto atakuwa ameloa na bado ana joto. Mkienda kwenye miamba ya Kit Mikayi au mkipanda vilima vya Riat, tokeni alfajiri, nyunyizeni kidogo zaidi, na mpepee zaidi. Kwenu feni ndogo ya betri ina kazi kuliko pampu.

Pampu haiwezi kuchukua nafasi ya kunywa. Mtu mzima ahesabu nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali, na watoto wapewe mafunda madogo mara kwa mara. Kwa wanaojiandaa kupanda Mlima Longonot, kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1, na kuzunguka ukingo ni 7.2 nyingine, bila maji njiani. Na kumbukeni kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi zetu. Bebeni za kujaza tena.

Mtoto akianza kuyumba, akitapika, akiongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikiwa moto sana, matembezi yameisha. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, na hapo sasa usihesabu maji: mloweshe mwili mzima, wote mpepee kwa kofia na leso bila kuacha, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Kama hana fahamu kamili, msimnyweshe kitu.

Mkifika nyumbani, mwaga maji yaliyobaki, usiyaweke hadi Jumamosi nyingine, kwa sababu maji yaliyolala ndani ya chupa yenye joto huzalisha vijidudu. Suuza, piga pampu mara chache ikiwa tupu ili mrija ukauke, kisha uianike bila kifuniko, mdomo ukielekea chini.