Land Cruiser ya 1991 uani Tabata: tunaanza na nako za mbele

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tupo Tabata, uani, chini ya mwembe. Hii mbele yenu ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1991, gari ambalo watu wa mjini hapa wanaliita mkonga hata kama mkonga wenyewe, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa, halina. Hili halina. Tutaufunga, ila si leo asubuhi. Aliyeshika kamera ni swahiba wangu, ndiye mwenye gari. Tukifika kwenye kazi ya mikono minne tutaiweka kamera juu ya pipa, mtuvumilie.

Gari limefanya kazi ya shamba Morogoro kwa miaka mingi. Injini ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo, na inawaka ukigusa tu ufunguo. Kwa sababu hiyo swahiba alitaka aanze na winchi, rangi mpya na taa za juu ya paa. Nikamwomba jambo moja: tulinyanyue kwanza, tulale chini yake tuone. Tulipotoka huko chini, habari ya winchi ikaahirishwa na yeye mwenyewe.

Sogeza kamera hapa, nyuma ya gurudumu la kushoto. Mnaliona hili tufe la chuma mwishoni mwa ekseli? Juu yake panazunguka nako, kile kifundo kinachogeuza gurudumu unapokata kona. Tufe linatakiwa liwe na utando mwembamba wa girisi, basi. Letu lina uji mweusi unaotiririka mpaka kwenye ringi. Uji huo ni oili ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli, iliyochanganyika na girisi. Maana yake oili sili ya ndani, iliyoko mwisho wa bomba la ekseli, imekwisha. Oili inavuka, inaosha girisi, na beringi za kingpini, zile pini za juu na chini ambazo nako inageukia, zinabaki zinasagana.

Sasa kipimo cha watu wawili. Gurudumu likiwa juu, lishike kileleni na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ashikilie, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za habu, kitovu cha gurudumu. Mchezo ukibaki, ni kingpini. Letu linacheza kote kuwili, na upande wa kulia ni hivyo hivyo.

Tunafungua upande mmoja tu kwanza. Zipo sababu mbili. Ukisahau kitu kilikaaje, unakwenda kutazama upande wa pili ambao bado haujafunguliwa. Halafu unapata vya kubeba mkononi kwenda Kariakoo na Gerezani kutafuta spea. Usinunue beringi kwa kutaja jina la gari. Beba ya zamani, linganisha namba iliyochimbwa kwenye pete yake na namba iliyochimbwa kwenye pete ya mpya, si maandishi ya boksi. Mwaka jana niliamini boksi. Lilikuwa zuri, lina kila alama, na beringi ikaanza kulia kabla ya mwezi kuisha. Nilifungua kazi nzima upya, kwa gharama zangu.

Haya, kazini. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma. Ardhi ya hapa ni mchanga, kwa hiyo chini ya jeki weka ubao mnene, na chini ya kila stendi weka ubao wake. Gari likae kwenye stendi, jeki ibaki ya akiba. Narudia hili kila video na nitaendelea kulirudia: usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Chukua trei ya mayai. Kila nati, kila washa, inaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio inavyotoka. Unapofunga, unarudi nyuma shimo kwa shimo.

Toa gurudumu, kisha kaliper, kile kibanio cha breki. Kaliper isining'inie kwa mpira wake wa breki. Ifunge kwa waya kwenye springi. Toa kifuniko cha friwili, kile kifaa kinachounga gurudumu na shafti ya ekseli, bolti sita, kisha kile kiringi cha kubana kwenye ncha ya shafti. Sasa zinabaki nati sita zinazoshika mwili wa friwili, na hapa watu wengi wanaharibu. Chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyojibana. Usiitoe kwa bisibisi. Legeza nati lakini iache ishike nyuzi chache, weka kipande cha shaba, piga kwa nyundo ukizunguka. Sikiliza mlio. Mlio ukibadilika, koni imeruka. Ukitumia chuma kwa chuma utaua nyuzi za studi, na studi ikifa siku imeisha.

Ndani utakuta nati mbili kubwa, na katikati yake washa ya kufungia iliyokunjwa masikio. Nyoosha masikio, fungua kwa soketi ya milimita 54. Tafadhali soketi, si tindo. Nati za gari hili zimepigwa tindo na mtu aliyetangulia, oneni makovu haya, tutaziweka mpya. Vuta habu na diski yake, kinga kiganja maana beringi ya nje inadondoka. Kisha bolti nane za spindo, lile bomba ambalo habu inazungukia. Spindo ikitoka, geuza shafti mpaka sehemu bapa ya jointi iwe juu, ndipo uivute. Ukikuta inagoma, usiilazimishe. Bapa haijakaa sawa.

Zimebaki kingpini. Juu na chini kuna kofia zilizoshikwa na nati nne nne, na upande wenye mkono wa steringi kuna washa za koni tena. Chini ya kofia kuna shimu, vibati vyembamba kama karatasi. Hivi ni dhahabu. Za juu zifunge pamoja uandike JUU, za chini uandike CHINI. Ndizo zinazoweka nako katikati ya tufe.

Swahiba, njoo uweke kamera karibu na pete hii ya beringi ya chini. Mnaona vishimo? Vimechimbwa na roli za beringi kwa kukaa sehemu moja miaka yote bila girisi. Ndiyo maana usukani ulikuwa ukishika katikati na kusita kabla ya kurudi. Pete hizi zinatolewa na mpya zinaingizwa, beringi na pete yake pamoja. Usichanganye beringi mpya na pete kuukuu.

Kuosha kulichukua muda kuliko kufungua. Beseni mbili za mafuta ya taa, moja ya uchafu wa kwanza, ya pili ya kumalizia. Tufe lilikuwa na madoa ya kutu. Tumelisugua kwa msasa laini wenye maji mpaka ukucha usikwame, kwa sababu doa likibaki litakata sili mpya ndani ya wiki chache. Oili sili ya ndani igongwe taratibu, ikae sawa pande zote, na mdomo wake upakwe girisi. Unaporudisha shafti, ibebe. Ukiiburuza juu ya mdomo wa sili, umeshaichana kabla gari halijatembea.

Sasa kingpini mpya na shimu zake. Kaza nati za kofia kwa spana ya toki, kwa kipimo cha kitabu cha ukarabati cha modeli yako. Halafu tunapima ubanaji wa beringi, sili za tufe zikiwa bado hazijafungwa, na hiki hapa ndicho kifaa: mzani wa kuning'iniza, kama ule wanaopimia samaki pale Feri. Ndoano inaingia kwenye tundu la mwisho la mkono wa steringi, unavuta kwa pembe mraba, taratibu, na unasoma kilo zinazoanza kuigeuza nako. Ikiwa laini kupita kipimo cha kitabu, punguza shimu. Ikiwa ngumu, ongeza. Mara ya kwanza yetu ilikuwa nyepesi. Tumetoa shimu moja nyembamba, swahiba akavuta, mimi nikasoma, tukabadilishana, na wote wawili tukapata namba moja. Fundi anayekaza kwa mkono na kusema inatosha, mwombe avute mzani mbele yako. Studi za nako zikilegea zinakatika, na zikikatika unapoteza usukani.

Girisi: tumia ya molibdeni. Jointi ishindiliwe mpaka girisi itokee upande wa pili, na nako ijazwe kama robo tatu. Beringi za habu zijazwe kwa kiganja, usipake juu juu. Weka girisi kiganjani, sukuma upande mpana wa beringi mpaka uione ikichomoza juu katikati ya roli, zunguka mduara wote. Kisha nati ya ndani: kaza huku mwenzako anazungusha habu, legeza, kaza tena kidogo mpaka mchezo uishe lakini habu izunguke bila kusita. Rudisha washa ya kufungia, kisha nati ya nje, kunja sikio moja ndani na moja nje.

Upande wa kulia tuliufanya kesho yake, na ulichukua nusu ya muda. Sitaurudia.

Breki. Kwa kuwa kaliper zimefunguliwa na mipira tumeweka mipya, upepo lazima utoke. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na tangi la mafuta ya breki, malizia la karibu. Mmoja ndani, mmoja chini, na maneno yawe yale yale: "Kanyaga." "Nimekanyaga." Fungua niple, mafuta yatoke na mapovu, funga. "Achia." Pedali isiachiwe kabla ya niple kufungwa. Tangi lisikauke, ongeza DOT 3 kila baada ya mara chache.

Bodi nitaipitia haraka kwa sababu ina video yake. Hewa ya chumvi ya pwani yetu imekula chini ya fremu ya kioo cha mbele, mikondo ya maji ya paa na mwisho wa chesisi. Tumekata mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelea bati jipya la milimita 1.5. Usikubali bati libandikwe juu ya kutu, wala tundu lizibwe kwa puti. Kutu inaendelea kula humo ndani huku rangi inang'aa. Kabla ya kuchomelea toa nyaya za betri na uchomoe alteneta. Na usipige rangi wakati wa masika, unyevu unafungiwa chini yake. Ile desturi ya kumwaga oili chafu chini ya gari mimi siipendi: inalainisha na kuvimbisha bushi za mpira na inakusanya vumbi.

Mkanda wa taimingi tumebadilisha bila kuuliza. Kwa 1HZ ni kila kilomita 100,000, na mmiliki wa kwanza hakuacha kumbukumbu yoyote.

Mkonga wenyewe, kwa wale waliousubiri tangu mwanzo: chora kwa karatasi ya mfano, toboa, kwangua makali na upake rangi kwenye chuma kilicho wazi palepale. Maungio yote hadi kwenye kichujio cha hewa yasipitishe hata pumzi. Kupima, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao, si kiganja. Injini lazima izime. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa mahali pengine, na mtoni itavuta maji hapo hapo. Kitu ambacho wengi hawagusi ni pumuo za difu. Ekseli iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili. Tumeunga mipira mirefu kutoka difu zote mbili mpaka juu, karibu na betri. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili.

Taa. Waya za kiwandani ni nyembamba, na kwenye gari hili swichi inakata hasi, si chanya. Zima swichi, gusa kwa taa ya majaribio, utakuta umeme upo kwenye kichwa cha balbu. Mwambie fundi umeme kabla hajaanza, la sivyo atafunga rilei, zile swichi zinazoendeshwa na umeme, kinyume na full, taa ya mbali, haitawaka. Waya nene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei mbili. Taa zile zile za zamani sasa zinaona mbali. Za paa hatujanunua.

Jioni tumelipeleka Pugu, tukapanda kilima mpaka Kisarawe na kurudi. Usukani unarudi wenyewe baada ya kona. Tuliposimama nilishika habu zote mbili kwa kiganja: vuguvugu, sawa kushoto na kulia. Moja ingekuwa moto kuliko nyingine, ningeifungua hapo hapo barabarani. Leo asubuhi nimekaza tena nati za kofia za kingpini, na karatasi tulizotandika chini ya matufe usiku ni kavu.

Jumamosi saa kumi alfajiri tunaondoka kwenda Mloka kupitia Kibiti, hadi lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa Nyerere. Swahiba ataendesha kwenda, mimi kurudi. Mzani wa samaki tunaubeba.