Kidonda cha Wiki Tatu

Naanza na lile lile, na wengine mmeshanisikia nikilisema hapa hapa Moshi: kidonda cha mdomoni kikipitisha wiki tatu hakijapona, acheni kukibadilishia dawa. Huenda ni saratani; kichukuliwe kinyama kikapimwe.

Mzee mmoja wa Rombo alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Duka la dawa likampa vidonge vya rangi mbili. Akarudi, akapewa dawa ya kusukutua. Kisha ikaonekana jino linamkwaruza, likang'olewa; pengo likakataa kufunga. Sikio la upande ule ule likaanza kuuma, akatiwa matone, na sikio lenyewe lilikuwa zima! Neva za ulimi na koo zinashirikiana na za sikio, maumivu yanahamia huko. Anafika kwetu, ulimi hautoki nje na shingoni ana tezi ngumu isiyosogea. Kila aliyemwona alimpa kitu. Hakuna aliyevaa glovu, akaushika ulimi kwa shashi, akauvuta pembeni, akamulika tochi na kupapasa kingo za kile kidonda. Kingo zake ni ngumu, na mara nyingi mwanzoni hakiumi. Ndiyo maana kinatupita.

Mtaniambia watu wanaogopa kinyama, eti saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Jamani! Yule wanayemtaja, aliyekatwa kinyama akafa muda mfupi baadaye, alikuja ugonjwa umeshateremka shingoni. Majirani waliona kisu, ile miezi ya nyuma hawakuiona. Ila tezi ya shingo msiipasue zahanati. Hiyo huanzwa kwa sindano nyembamba ya kunyonya seli.

Na kimeo! Mvuta sigara, mnywaji wa pombe kali, sauti imekauka mwezi mzima, mnamwacha aende kukatwa kimeo? Sauti inatoka kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kooni, si kwenye kimeo. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe kwa kamera. Sigara na pombe zikikutana kwa mtu mmoja, hatari inaongezeka maradufu na zaidi.

Matibabu nayapitia mbio, naona naonyeshwa saa. Ugonjwa ukiwahiwa, mara nyingi upasuaji peke yake au mionzi peke yake inatosha. Ukichelewa tunachanganya: mionzi siku tano kwa wiki, wiki sita hadi saba, pamoja na sisiplatini, dawa ya saratani. Meno mabovu yang'olewe kabla, maana taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri. Uvimbe wa taya la mtoto unaokua haraka usingoje wiki tatu, huenda ni Burkitt, saratani ya watoto inayokua mbio, na huo unasikia dawa. Kwenye rufaa andikeni tarehe kidonda kilipoanza na dawa zote alizokwisha kupewa.