Runinga ya Kanisa Mtandaoni: Kamera Ingoje Kwanza

KADZO: Bwana asifiwe, wasikilizaji. Leo ni runinga ya mtandaoni kwa makanisa na huduma: kurusha ibada mubashara ili imfikie asiyeweza kuja. Mgonjwa aliyelala nyumbani Changamwe, askari wa lindo aliye zamu asubuhi, kijana anayefanya kazi Doha. Ndugu Mwakio, kanisa likiwa na pesa mkononi, swali la kwanza huwa ni kamera gani inunuliwe.

MWAKIO: Kamera ingoje. Simu nzuri kwenye tripodi yatosha kuanzia. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti ikikwaruza anaondoka. Pesa ya kwanza iende kwenye sauti, ya pili kwenye intaneti.

KADZO: Wengi husimamisha simu katikati ya kanisa inase kinachotoka kwenye spika.

MWAKIO: Na hapo ndipo neno linapopotelea. Simu hunasa mwangwi wa kuta, feni za darini na honi za matatu nje. Chukua sauti moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ila usichukue ile ile inayokwenda kwenye spika. Ndani ya kanisa ngoma husikika zenyewe, kwa hivyo fundi haziongezi. Ukirusha sauti hiyo, aliye nyumbani hasikii ngoma kabisa, na mhubiri anampasua masikio. Tumia tundu la AUX, njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa, uchanganye sauti ya matangazo peke yake, na uipange hivi kwamba hata fundi akipandisha au kushusha spika za ukumbini, matangazo yasiguswe. Halafu elekeza maiki moja kwa waumini, kwa sauti ndogo. Mtu aliye peke yake kitandani anahitaji kusikia "Amina" za wenzake.

KADZO: Kutoka AUX unaingia wapi?

MWAKIO: Kwenye kisanduku kidogo cha sauti cha USB, ndipo kwenye laptopu. Usichomeke waya wa mikisa kwenye tundu la maiki la laptopu. Tundu hilo limetengenezewa sauti dhaifu ya maiki, kwa hivyo ile nzito ya mikisa itapasuka. Ukisikia mvumo usioisha, chomeka mikisa na laptopu kwenye soketi moja ya umeme. Mara nyingi huisha.

KADZO: Na sauti ikitangulia midomo?

MWAKIO: Picha ya kamera hupitia kifaa cha kunasa HDMI, kinachoingiza picha ya kamera kwenye laptopu, inachelewa kidogo, sauti inafika mapema. Ndani ya OBS Studio, programu ya kompyuta ya kurushia matangazo isiyo na malipo, kuna mahali pa kuichelewesha sauti kwa milisekunde. Piga kofi mbele ya kamera, rekodi, anza na 100, kisha ongeza au punguza mpaka kofi na mlio vikutane.

KADZO: Tuje kwenye intaneti. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika hapa Mombasa mwaka 2009. Mbona bado picha zinaganda?

MWAKIO: Kwa sababu watu hupima kasi ya kupakua, yaani ya kupokea, na ibada inabebwa na kasi ya kupakia, yaani ya kutuma. Kwa picha ya 720p, yaani ya ubora wa kati, yenye fremu 30 kwa sekunde, tuma megabiti 3 kwa sekunde, sauti kilobiti 128, na laini iwe na kasi ya kupakia mara mbili ya hapo. Pima Jumapili, saa ile ile ya ibada. Mnara wa simu ulio mtupu Jumanne usiku huelemewa watu wakiamka. Kwa hesabu hiyo, ibada inayochukua muda wa saa 3 hula gigabaiti 4 na kitu.

KADZO: Waifai ya kanisa je?

MWAKIO: Hapana, dada. Waumini wakijiunga, matangazo yanakosa hewa. Vuta waya kutoka kwa rauta hadi kwenye laptopu. Na stima ikipotea, laptopu ina betri. Rauta na kisanduku cha faiba havina. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya hivyo viwili huokoa ibada nzima.

KADZO: Hewa yetu ya chumvi nayo hula plagi za maiki na kuotesha ukungu kwenye lenzi. Vifaa vilale kwenye sanduku linalofungika, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu. Sasa, akaunti.

MWAKIO: YouTube hutaka uthibitishe namba ya simu, na kuwashiwa matangazo mubashara mara ya kwanza huweza kuchukua saa 24. Kwa hivyo usiliache jambo hilo mpaka Jumamosi usiku. Kurusha kwa simu kunahitaji wafuatiliaji 50. Kwa OBS huhitaji idadi hiyo. Facebook nayo, tangu Februari 2025, hufuta matangazo mubashara baada ya siku 30, basi pakua nakala yako.

KADZO: Na msipige nyimbo zilizorekodiwa mkisubiri ibada ianze. Wimbo wenyewe waweza kuwa wa kale na huru, lakini rekodi ina mwenyewe. Mtambo hutambua, na matangazo yaweza kukatwa. Pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Watoto, na watu wanaoombewa magonjwa, wasioneshwe bila idhini. Kwa watoto, idhini ya wazazi. Tengeni safu za viti ambazo kamera haifiki, na muwaambie watu mlangoni.

MWAKIO: Kuhusu yule wa Doha: saa zao ni kama zetu, lakini Jumapili kule ni siku ya kazi, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Rekodi ya ibada ipangieni saa ya Ijumaa ianze kwa wote pamoja, na mtu wa kanisa awe kwenye maoni akijibu.

KADZO: Huyo asiwe fundi wa mitambo.

MWAKIO: Asiwe. Awe mtu wa maombi mwenye subira, asalimie kwa majina. Mtu akianza kuandika shida yake ya ndani, ampe namba ya simu ya kanisa wazungumze faraghani.