Gari la zimamoto linapoomba kijani: kinachotokea ndani ya kabati la taa

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Watu wengi wanadhani gari la zimamoto likiwa na kifaa cha kuomba njia, taa inageuka kijani papo hapo. Haigeuki, na haitakiwi kugeuka. Kati ya ombi na kijani kuna muda ambao unaweza kufika nusu dakika au zaidi, na mfumo hufaulu au kushindwa ndani ya muda huo. Kwa hiyo nitakaa sana hapo, na vifaa vyenyewe nitavipitia upesi.

Mfano wangu ni mfumo wa mwanga, wa aina iliyoanzia Marekani. Mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuufunga, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kampuni iliyoutengeneza, 3M, ni ya huko huko. Juu ya gari kuna taa inayomweka mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Mimweko ni kama 14 kwa sekunde kwa gari la dharura, na kama 10 kwa basi la abiria. Kwenye mkono wa nguzo ya taa kuna kitambuzi kinachotazama barabara. Waya wake unashuka ndani ya nguzo, unapita kwenye bomba chini ya lami, unaingia kabatini, yaani kwenye sanduku la mitambo ya taa lililo kando ya makutano. Humo kuna kadi inayohesabu mimweko. Ikipata 14, inakiambia kidhibiti cha taa: kuna gari la dharura upande huu. Ikipata 10, basi linaongezewa sekunde chache za kijani na mzunguko unaendelea kama kawaida. Kwa zimamoto, mzunguko unakatwa.

Sasa tupige hesabu. Gari linakuja kwa kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Linapoomba, upande wa pili ndio wenye kijani, na kuna mtu ameanza kuvuka kwa miguu. Barabara ina upana wa mita 15. Kwa mwendo wanaoutumia Wamarekani katika hesabu zao, mita 1.07 kwa sekunde, mtu huyo anahitaji sekunde 14. Kisha njano, sekunde 4. Kisha nyekundu ya pande zote, sekunde 2, ili aliyeingia makutanoni atoke. Tumefika 20, na hapo ndipo gari letu linapata kijani. Lakini mbele yake kuna magari manane yamesimama kwenye taa. La kwanza linachelewa kidogo kuondoka, mengine yanafuatana kila baada ya sekunde 2 hivi. Ongeza 18. Jumla ni sekunde 38, ambazo kwa mwendo ule ni zaidi ya mita 630. Kitambuzi cha aina hii, hewa ikiwa safi na njia imenyooka, huona hadi kama mita 760. Ziada iliyobaki ni ndogo, na kona moja au mwembe mmoja unaitafuna.

Pa kubana ni wapi? Mwongozo wa taifa wa Marekani wa alama na taa za barabarani, MUTCD, hauruhusu kufupisha njano wala nyekundu ya pande zote wakati wa kuhamia kwenye dharura. Muda wa mwenda kwa miguu unaruhusu ufupishwe, hata uondolewe kabisa. Mimi naona ruhusa hiyo itumike kwa uchoyo. Ukiukata muda huo nusu, unapata sekunde 7, na mzee aliyekuwa katikati ya kivuko cha pundamilia anabaki katikati ya kivuko huku gari la tani 15 linamjia. Afadhali uisogeze sehemu ya kuombea, gari liombe mapema zaidi.

Umuhimu wa sekunde hizi unaonekana wazi kwenye taa zilizounganishwa na reli. Kijijini Fox River Grove, jimbo la Illinois, tarehe 25 Oktoba 1995, basi la shule lilisimama kwenye taa nyekundu huku mkia wake ukiwa juu ya reli. Treni ililigonga, wanafunzi saba wakafa. Mfumo wa kuomba kijani kwa ajili ya kuondoa magari relini ulikuwepo, ila kijani kilikuja wakati treni imeshafika. Kwa sababu hiyo treni hutangulia katika orodha ya maombi, na zimamoto ni ya pili. Gari la zimamoto linaweza kukwepa, kupunguza mwendo au kusimama, na treni haiwezi kukwepa wala kusimama upesi.

Kuna mtego mwingine, ambao hata mafundi wazoefu huupita bila kuuona. Kumbukeni Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo anayekunja kushoto ndiye anayekata njia ya wanaotoka mbele yake. Tuseme kijani kiko pande mbili, kaskazini na kusini, na ambulensi inatoka kusini. Kidhibiti kinataka kuipa ambulensi peke yake barabara nzima, pamoja na mshale wa kukunja. Basi kinawapa njano wale wa kaskazini na kuwaachia kijani wale wa kusini. Dereva wa kaskazini aliyekuwa anasubiri kukunja anaiona njano, anafikiri kwamba hata wanaokuja mbele yake wanapata njano, anakata kona. Anakutana na ambulensi iliyo katika kasi. Dawa yake ni kupeleka pande zote nyekundu kwanza, kisha kuifungulia ambulensi upya. Sekunde kama 6 zinapotea, lakini zipotee.

Dereva anajuaje kwamba ombi lake limepokewa? Miji mingi hufunga taa ndogo nyeupe karibu na taa za kawaida. Ikiwaka bila kumeka, umepata. Ikimeka, mwenzako wa upande mwingine amekutangulia. Miji mingine inatumia maana tofauti, hivyo magari ya miji jirani yanayosaidiana yakubaliane kabla. Taa hii inaonekana kama pambo, lakini ndiyo inayozuia magari mawili ya zimamoto kugongana kwenye makutano yale yale, kwa sababu kidhibiti humsikiliza aliyeomba kwanza na mwingine husubiri.

Sasa hitilafu. Kioo cha kitambuzi kikishika vumbi, umbali unapungua kidogo kidogo na hakuna anayegundua. Matawi hukua, na mti uliopogolewa wakati wa ukaguzi baada ya msimu mmoja umeshaziba njia. Upepo huzungusha kitambuzi kikatazama ghorofa. Maji yakiingia kwenye kiungio cha waya, maombi huja na kukatika. Baya kuliko yote ni waya wa kaskazini kufungwa kwenye tundu la mashariki: gari linaomba, linapewa nyekundu, na wale wanaokatiza wanapewa kijani. Kosa hilo halionekani kwa kupima kabati peke yake. Chukua gari lenye kifaa, lipite pande zote nne, mtu akiwa kabatini anaandika ombi limeingilia wapi.

Lipo pia la gari kuegeshwa. Zimamoto wamefika kwenye moto mita 200 kutoka kwenye taa, gari linatazama makutano, kifaa kinaendelea kumeka. Upande mmoja unabaki kijani na mji unasimama. Kifaa kiunganishwe na breki ya kuegeshea au mlango wa dereva, kijizime chenyewe. Tena kabatini muwekwe kikomo cha muda wa ombi, kwa sababu swichi za milango huharibika.

Miaka ya mwanzo ya 2000 vifaa vya kumeka kwa kasi ile ile viliuzwa kwa watu binafsi. Kadi ilihesabu mimweko tu, haikuuliza nani anaipiga. Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 ikafanya kuuza au kutumia kifaa hicho bila idhini kuwa kosa la jinai. Ulinzi wa kweli lakini ni wa kiufundi: mimweko inabebeshwa namba ya gari, kabati lina orodha ya namba zinazokubaliwa, na kila ombi linaandikwa na saa yake.

Mifumo mipya hutumia GPS na redio. Gari linatuma mahali lilipo, mwendo, uelekeo, hata kama limewasha indiketa. Haihitaji kuonana na kitambuzi, kwa hiyo kona si tatizo. Ugonjwa wake ni mwingine: barabara mbili zinazokwenda sambamba, au moja inayopita juu ya nyingine, gari liko hii na mfumo unadhani liko ile. Mipaka ya eneo la kuombea ichorwe nyembamba, na uelekeo ulingane kabla ombi halijakubaliwa.

Nimeulizwa hapa kwenye kikaratasi: kwa foleni za Nairobi na Dar es Salaam, itasaidia? Pale ambapo trafiki amesimama katikati anaongoza kwa mikono, madereva wanafuata mkono wake, na taa inaweza kuwa rangi yoyote. Yeye ndiye wa kuarifiwa, kwa redio. Pale ambapo taa zinafanya kazi lakini foleni imejaa kuanzia makutano haya hadi yanayofuata, kijani hapa hakisogezi gari hata moja, kwa kuwa mbele hakuna nafasi. Hapo unaanzia mbali. Ambulensi ikitoka kituoni, fungua makutano ya tatu mbele yake, kisha ya pili, kisha haya ya karibu, foleni imwagike kutokea kichwani. Hilo kitambuzi cha makutano mamoja hakiliwezi. Linataka vidhibiti vyote vya barabara hiyo viunganishwe na chumba kimoja, na njia ya ambulensi ijulikane tangu inapoondoka. Kikaratasi cha pili, tafadhali.