Uzi Mmoja au Mafundo Mengi: Kushona Msamba Baada ya Kujifungua

SUBIRA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaongea jambo ambalo akina mama wengi hulibeba kimyakimya: kuchanika msamba wakati wa kujifungua, na hasa namna unavyoshonwa. Dada Rehema, wewe mkunga wa siku nyingi. Inakuwaje wawili wamechanika sawa, mmoja baada ya wiki anakaa vizuri, mwenzake hata kiti anakiogopa?

REHEMA: Sababu ni nyingi, mdogo wangu, ila mojawapo imo mikononi mwetu sisi tunaoshona. Kwanza tuelewane tunaongelea mchaniko upi. Daraja la kwanza ni ngozi au utando wa uke tu. La pili limeingia kwenye misuli ya msamba. La tatu limeugusa msuli unaobana njia ya haja kubwa, na la nne limepasua mpaka utando wa ndani wa njia hiyo. Leo nalenga zaidi daraja la pili, pamoja na mama aliyeongezewa njia kwa mkasi, maana kushonwa kwao ni kulekule.

SUBIRA: Haya, njia zenyewe.

REHEMA: Ya zamani inakwenda kwa tabaka. Uke unashonwa kwa uzi unaofungiwa kitanzi kila hatua. Misuli inashonwa mshono mmoja mmoja: choma, funga fundo, kata. Ngozi vilevile. Njia ya pili ni ya mfululizo. Unaanza juu kidogo ya pale mchaniko ulipoishia ndani ya uke, unafunga fundo, kisha uzi uleule unashuka bila vitanzi, unapita kwenye misuli, ukifika chini unageuka na kupanda chini kwa chini ya ngozi. Fundo la mwisho linafungwa ndani ya uke.

SUBIRA: Kwa hiyo nje hakuna ncha ya uzi inayochoma?

REHEMA: Hakuna. Lakini kubwa zaidi ni uvimbe. Msamba huvimba siku za mwanzo, hilo halikwepeki. Kila mshono uliofungwa peke yake ni kitanzi kisichotanuka. Nyama ikijaa, inabanwa humo. Uzi mmoja usiokazwa unaugawa ule mvuto kidonda kizima. Halafu ukipita chini ya ngozi unaziepuka ncha za mishipa ya fahamu zilizo juujuu.

SUBIRA: Hayo ni maelezo ya fundi. Akina mama wenyewe walipoulizwa walisema nini?

REHEMA: Walisema waziwazi. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2002 kwenye jarida la Lancet, wanawake 1,542. Siku ya kumi, asilimia 44 ya walioshonwa kwa mshono mmoja mmoja walikuwa na maumivu. Kwa mfululizo, asilimia 26.5. Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yakakusanya tafiti 16, na mwelekeo ukawa uleule: kwa mfululizo maumivu yalipungua, na dawa za kutuliza zikatumika kwa uchache.

SUBIRA: Basi mbona wapo bado wanaofunga fundo moja moja?

REHEMA: Ndivyo walivyofundishwa, na mkono ukishazoea haubadiliki kwa kusoma tu. Wengine wanaogopa: uzi ukikatika mahali pamoja, si kidonda kizima kitafunguka? Hofu hiyo naielewa. Ila katika tafiti zile haja ya kushona upya haikuonekana kutofautiana. Kinachoharibu ni kukaza. Ukivuta uzi mpaka nyama ipauke, umeupoteza uzuri wote wa njia hii. Hapo mimi huwa mkali kweli kwa wanaojifunza: kazi yako ni kuzikutanisha nyama, siyo kuzinyonga.

SUBIRA: Na uzi wenyewe? Kuna mama anakuja wiki nyingi baadaye, nyuzi bado anazisikia.

REHEMA: Uzi una uzito wake. Ule wa zamani, katgati, ulitengenezwa kwa utumbo wa wanyama, na mwili uliupiga vita ndipo uyeyuke. Poliglaktini, uzi wa kutengenezwa kiwandani, huyeyushwa na majimaji ya mwili taratibu, na ipo aina inayoyeyuka haraka. Katika utafiti huohuo wa 2002, nyuzi zilibidi kutolewa kwa asilimia 13 ya waliotumiwa poliglaktini ya kawaida. Kwa ile ya haraka, asilimia 3.

SUBIRA: Je, kila mchaniko lazima ushonwe?

REHEMA: Hapana. Mkwaruzo wa daraja la kwanza usiotoka damu, kingo zake zikiwa zimekutana, mara nyingi unaachwa upone.

SUBIRA: Na daraja la tatu na la nne?

REHEMA: Huko ni chumba cha upasuaji, mwanga wa kutosha, ganzi ya kutosha, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Msuli unaunganishwa ncha kwa ncha, au ncha moja ikalala juu ya mwenzake. Mama anapewa antibiotiki na dawa ya kulainisha choo. Lakini Subira, nisikilize hapa: mchaniko huo haushoneki vizuri kama haukuonekana. Kabla ya sindano ya kwanza, mkunga anaomba ruhusa, anaingiza kidole njia ya haja kubwa na kuupima ule msuli. Akimaliza kushona anapima tena, ahakikishe hakuna uzi uliotokezea humo. Mama anapaswa kuelezwa sababu, asishtuke.

SUBIRA: Mama yuko nyumbani tayari. Arudi lini?

REHEMA: Maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya, homa, au kidonda kikiachia. Na akiona choo au upepo unamtoka bila kuweza kuuzuia, aje aseme, hata kama miezi imepita.

SUBIRA: Wengi hilo wanaona aibu kulitaja.

REHEMA: Najua. Ndiyo maana mkunga aulize yeye kwanza, kwa maneno hayohayo, bila kuzungukazunguka.